MAONI: Mlango wa hospitali ni dakika za mgonjwa, tusiuchague kama pambo la mjengo

Siku nyingine ukienda hospitalini kumwona mgonjwa, weka simu mfukoni dakika mbili na uangalie milango. Si ile ya kioo pale mapokezi inayojifungua yenyewe ukikaribia. Angalia ya ndani: ule mkubwa wa ushoroba unaotenganisha wadi na wadi, ule wa ngazi, ule wa stoo ya mitungi ya oksijeni, ule wa chumba cha jenereta.

Jiulize maswali matatu tu. Je, umefungwa, au umeegemezwa kitu usifunge? Ukiuachilia, unajifunga wenyewe hadi ulimi wa kitasa uingie? Na je, una kibandiko popote kinachosema unaweza kuhimili moto kwa dakika ngapi?

Ukipata mlango unaopita mtihani huo wote, hongera kwa hospitali hiyo. Usipopata, basi soma hadi mwisho, kwa sababu siku moja anayelala upande wa pili wa mlango huo atakuwa mamako, mtoto wako, au wewe mwenyewe ukiwa na sindano ya maji mkononi.

Hoja yangu ni hii: hospitali ndilo jengo ambalo huwezi kuwaambia watu wakimbie. Kwa hivyo mlango wa kuzuia moto hospitalini si kitu cha kuchagulia rangi na bei. Ni kifaa cha kuokoa maisha kama mashine ya oksijeni, na unafaa kununuliwa, kupimwa na kulindwa hivyo.

Tulijifunza nusu ya somo

Sisi Wakenya tunaijua hadithi ya moto na milango, na tumeilipia ghali. Mwaka wa 2001 wavulana 67 waliangamia katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka wa 2017 wasichana 10 walikufa Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024 watoto 21 waliteketea Hillside Endarasha, Nyeri.

Kutokana na mikasa kama ya Kyanguli, serikali iliandika mwongozo wa usalama shuleni mwaka wa 2008. Unasema milango ya bweni ifunguke kwa nje, iwe na upana wa angalau futi 5, isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na grili. Somo lilikuwa wazi: mlango ufunguke watu watoke.

Somo hilo ni sahihi kabisa. Lakini hospitalini ni nusu tu ya somo.

Bwenini kila mtu ana miguu yake. Ukipiga nduru, wanakimbia. Sasa chukua wadi ya ghorofa ya tatu saa tisa usiku. Kitanda cha kwanza kuna mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kujifungua saa nne zilizopita. Cha pili kuna mzee anayepumua kwa mashine. Cha tatu kuna kijana wa bodaboda, mguu umening'inizwa na mawe ya kuuvuta. Chumba cha pili kuna watoto njiti kwenye vitanda vya joto. Wauguzi wa zamu wako wachache. Lifti haitumiki wakati wa moto. Kumshusha mgonjwa mmoja kwa ngazi kunahitaji watu wanne wenye nguvu. Piga hesabu mwenyewe.

Ndiyo maana wanaobuni hospitali hawategemei kumshusha kila mtu. Wanagawanya jengo vipande vipande kwa kuta na milango inayohimili moto. Moto ukizuka kipande hiki, unasukuma vitanda kwa usawa, ghorofa ile ile, hadi kipande cha jirani. Mlango unajifunga nyuma yako. Hapo umenunua nusu saa, labda saa nzima. Zima moto wakifika na moto ukazimwa, hakuna aliyeshushwa hata ngazi moja. Ukizidi, bado una muda wa kusogea kipande kingine, kisha kushuka kwa mpango.

Kwa hivyo mlango wa hospitali una kazi mbili zinazovutana. Ufunguke kwa urahisi kitanda kipite, kisha ufunge kabisa moshi usipite. Mlango unaoweza kazi moja tu haujafika.

Anayeua ni moshi

Ukisikia neno moto unawaza miale. Lakini katika mikasa mingi ya hospitali, moshi ndio humaliza kazi kabla moto haujafika.

Desemba 2011, hospitali ya AMRI mjini Kolkata, India, ilishika moto alfajiri. Moto ulianzia chini kabisa ya jengo, mahali palipokusudiwa kuwa maegesho lakini pakageuzwa stoo ya vitu vinavyoshika moto haraka. Wagonjwa waliokuwa ghorofa za juu hawakuuona moto wenyewe. Moshi uliwafuata vitandani. Takriban watu 90 walikufa, wengi wao kwa kukosa hewa.

Sasa linganisha na mkasa wa zamani zaidi. Desemba 1961, katika Hospitali ya Hartford, jimbo la Connecticut nchini Marekani, moto ulianza ndani ya mfereji wa kutupia taka na kulipuka kwenye ushoroba wa ghorofa ya tisa. Watu 16 walikufa, wagonjwa, wafanyakazi na wageni. Lakini kwenye ghorofa hiyo hiyo kulikuwa na watu waliofungiwa vyumbani mwao, mlango ukabaki umefungwa, na wakatoka hai. Ushoroba ule ule, moshi ule ule, tofauti ni mlango. Mkasa huo ulichangia Wamarekani kukaza kanuni za hospitali kuhusu milango, mifereji ya taka na vitu vinavyobandikwa kwenye kuta.

Ukiongeza oksijeni, hatari inapanda zaidi. Aprili 2021, hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, Iraq, ilikuwa imejaa wagonjwa wa Covid. Mitungi ya oksijeni ililipuka na zaidi ya watu 80 wakafa. Oksijeni yenyewe haiungui, lakini inafanya kila kitu kingine kiungue kwa fujo: shuka, godoro, nywele, pazia. Na siku hizi hospitali zetu zina oksijeni nyingi kuliko kabla ya janga la Covid, jambo ambalo ni zuri kwa matibabu. Swali ni kama milango ya stoo zake ilibadilishwa pia.

Mlango wa moto ni seti, si ubao

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Mtu anaenda hadwea na kuuliza, "Mna mlango wa moto?" Anaonyeshwa ubao mzito, anaugonga kwa kidole, unalia 'du', anaridhika. Bwana, hivyo sivyo.

Mlango wa moto ni seti nzima iliyowekwa pamoja kwenye tanuri la maabara na kuchomwa hadi ikashindwa. Ubao, fremu, bawaba, kitasa, kioo, ukanda wa pembeni na kile kifaa cha juu kinachouvuta ujifunge, kile mafundi wanakiita klosa. Kipande kimoja kikiwa feki, seti nzima inaanguka. Ni kama mnyororo wa baiskeli: haukatiki palipo imara.

Ukisikia dakika 30, 60, 90 au 120, ndio muda ambao seti hiyo ilihimili kwenye jaribio. Kwa mfumo wa Uingereza utaona alama kama FD30 au FD60. Ikiongezwa herufi S mwishoni, maana yake mlango pia unazuia moshi ambao haujapata joto kali. Kwa hospitali, hiyo S ndiyo ya kuisaka. Kumbuka Kolkata.

Kwa nini? Kwa sababu ukanda wa kawaida wa moto hufanya kazi kwa kufura. Joto likikaribia nyuzi 200 unavimba na kuziba mwanya kati ya ubao na fremu. Ni teknolojia safi sana, lakini moshi wa mapema, ule unaotambaa sakafuni kutoka chumba cha pili, haujafikia joto hilo. Unapita tu. Ndiyo maana lazima kuwe na ukanda mwingine wa mpira au wa nywele za brashi unaoziba kuanzia mwanzo.

Mwanya wenyewe nao una kipimo. Pembeni na juu unafaa kuwa kama milimita 3, karibu unene wa sarafu mbili zilizobebana. Kama unaweza kuingiza kidole, huo si mlango wa moto tena, hata uwe na vyeti vya kujaza faili.

Chuma si jibu la kila kitu

Kuna imani mtaani kwamba mlango wa chuma hauwezi kushindwa na moto. Chuma hakiungui, si ndio? Lakini chuma kinabeba joto. Mlango wa bati la chuma usio na kitu ndani unapata moto upande wa pili hadi unachoma vitu vilivyo karibu nao, na ukipinda kwa joto unaacha mwanya wa moshi. Mlango wa chuma wa kuzuia moto ni kitu kingine: umejazwa madini yasiyopitisha joto, fremu yake imefungwa ukutani ipasavyo, na umejaribiwa.

Kwa upande mwingine, watu hudharau mbao. Ukweli ni kwamba mbao nzito huungua polepole, chini ya milimita moja kwa dakika, kwa sababu makaa yanayojitengeneza juu yanailinda ile ya ndani. Mlango wa mbao wa dakika 30 kwa kawaida una unene wa milimita 44, na wa dakika 60 kama milimita 54. Usioweza chochote ni ule mwepesi wa plaiwudi mbili zilizobandikwa juu ya karatasi za boksi, ule unaojaa kwenye fleti zetu. Huo ukishika moto, hesabu dakika chache tu. Na hizi kliniki zinazochipuka kila mtaa zikiwa ndani ya fleti za kupangisha zinarithi milango hiyo hiyo. Mwenye kliniki anapaka kuta rangi nyeupe, anaweka bango la msalaba, anaacha milango ya chumba cha kulala ilindе wagonjwa.

Kwa hivyo usiulize tu "ni chuma au mbao?" Uliza, "Cheti cha jaribio kiko wapi, na kinataja fremu, bawaba na kitasa hiki hiki unachoniuzia?" Muuzaji wa kweli atakionyesha, kikitaja kipimo kama BS 476 cha Uingereza au EN 1634 cha Ulaya. Muuzaji wa porojo atakwambia, "Boss, hii ni sawa tu na ile." Sawa na ile ndiyo imezika watu.

Si kila mlango, lakini mlango ufaao

Najua unachowaza. Hospitali ina milango mia tatu, nani ana hizo pesa? Habari njema ni kwamba si kila mlango unahitaji kuhimili saa nzima.

Ningekuwa na bajeti ndogo, ningeanza na milango inayolinda ngazi, kwa sababu moshi ukiingia kwenye ngazi hizo zinageuka bomba la kupandisha sumu. Kisha ile ya ushorobani inayokata ghorofa vipande. Kisha vyumba vya hatari: jenereta, umeme, stoo ya oksijeni, jikoni, chumba cha kufulia, na stoo ya faili za karatasi. Mwongozo wa Uingereza kwa hospitali, kwa ufupi, unaenda dakika 30 kwa migawanyo midogo ya ndani na 60 kwa ile mikubwa. Si sheria yetu, lakini ni pa kuanzia.

Halafu angalia matumizi. Mlango wa wadi uwe mpana wa kupitisha kitanda pamoja na muuguzi na mtungi. Wamarekani hutaka nafasi ya wazi ya zaidi ya mita moja kwa milango ya vitanda. Uwe na dirisha dogo la kioo kinachohimili moto, ili usimgonge mtu upande wa pili na ili uone moshi kabla hujafungua. Uwe na bamba la chini la kupokea mateke ya matroli, kwa sababu mlango wa hospitali hupigwa kuliko mlango wa matatu.

Na usisahau ukuta. Kuna mjengo ambapo mlango ni wa dakika 60 kweli kweli, lakini ukuta umeishia kwenye dari ya jipsamu. Juu ya dari kuna nafasi wazi kutoka wadi hadi wadi, imejaa nyaya. Moshi hauhitaji kubisha hodi, unapitia juu. Mlango mzuri kwenye ukuta mbovu ni kama kufunga lango la ua wa michongoma wenye pengo.

Kabari, kufuli na bili

Sasa tufike mahali panapouma. Tuseme hospitali imenunua milango safi, yenye vyeti. Baada ya wiki mbili ukipita utakuta umeegemezwa ndoo ya dekio, kiti, au, kwa kejeli ya juu kabisa, mtungi wa kuzimia moto.

Usimlaumu muuguzi haraka. Anapita pale mara sabini kwa zamu moja akisukuma troli, na mlango una klosa nzito inayomrudia usoni. Ungekuwa wewe ungeweka ndoo pia. Kosa ni la aliyenunua bila kumuuliza anayetumia. Suluhisho lipo na si la ajabu: sumaku ukutani inayoshikilia mlango ukiwa wazi mchana kutwa, ikiwa imeunganishwa na king'ora cha moto. King'ora kikilia, au umeme ukikatika, sumaku inaachilia na mlango unajifunga wenyewe. Muuguzi anapita vizuri, moto haupiti. Anayebuni hospitali bila sumaku hizo kwenye ushoroba wenye shughuli nyingi anabuni ndoo za dekio.

Kufuli nalo ni ugonjwa mwingine, na huu ni wetu hasa. Ukizunguka nyuma ya hospitali nyingi utaona mlango wa dharura umefungwa kwa mnyororo, ufunguo uko kwa soja, na soja yuko getini. Ukiuliza utaambiwa ni usalama: watoto wachanga huibwa, vifaa huibwa, wagonjwa wa akili hutoroka. Hizo ni sababu za kweli, sizipuuzi.

Lakini tuambiane ukweli, kuna sababu nyingine isiyotajwa kwa sauti: bili. Milango inafungwa ili mgonjwa asiyelipa asitoke. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia kina mama wawili katika Hospitali ya Pumwani kwa sababu ya deni kulikiuka haki zao. Miaka imepita, na bado si ajabu kusikia familia ikichangisha kwenye WhatsApp ili jamaa yao aruhusiwe kwenda nyumbani. Kila hospitali inayomgeuza mgonjwa kuwa rehani inalazimika kuwa na kufuli, na kufuli hilo halijui kutofautisha mdaiwa na mtu anayekimbia moshi.

Hata hapa kuna njia. Deni lifuatwe kama madeni mengine, kwa makubaliano na kwa sheria, si kwa mnyororo. Na kwa wadi za watoto wachanga au za afya ya akili, kuna vitasa vya umeme vinavyofunguliwa kwa kadi siku za kawaida na kujiachilia king'ora kinapolia, pamoja na kengele inayopiga kelele mlango wa dharura ukisukumwa. Mwizi wa mtoto atasikika jengo zima. Mnyororo haulii, unanyamaza tu hadi siku ya mazishi.

Kuhusu pesa

Wasimamizi watasema hali ni ngumu, SHA haijalipa, kaunti haijatuma pesa, dawa zenyewe zimeisha, wewe unatuletea stori za milango. Naelewa. Hospitali isiyo na glavu haiwezi kuanza na sumaku za ukutani.

Lakini angalia vizuri kinachogharimu na kisichogharimu. Kuondoa mnyororo ni bure. Kutoa ndoo ni bure. Kuhamisha maboksi na magodoro mabovu kutoka chini ya ngazi ni bure. Kukaza bawaba, kurekebisha klosa isiyovuta na kubadilisha ukanda uliopasuka ni kazi ya fundi wa siku moja. Kabla hujanunua mlango hata mmoja mpya, unaweza kupata nusu ya faida kwa milango uliyonayo, mradi tu ifunge.

Na penye mjengo mpya hakuna kisingizio. Milango ya moto ikiandikwa kwenye ramani na kwenye BQ tangu mwanzo, ni sehemu ndogo ya gharama ya hospitali nzima. Balaa huja pale katikati, kontrakta akisema bajeti imebana, na kitu cha kwanza kukatwa kinakuwa kile ambacho mheshimiwa wa kukata utepe hatakiona. Marumaru zinabaki. Kioo cha mapokezi kinabaki. Mlango wa dakika 60 unageuka mlango wa dakika 6.

Sheria ipo, macho hayapo

Tusijidanganye kwamba Kenya haina sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inagusa hospitali kama mahali pengine popote pa kazi. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huo huo zinadai ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka na mazoezi ya kutoka jengoni angalau mara moja kwa mwaka. Na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968, zilizoandikwa wakati wazazi wa wengi wetu hawajazaliwa.

Kinachokosekana ni macho. Mkaguzi akija, anaonyeshwa mitungi ya kuzimia moto iliyong'arishwa na cheti kilichowekwa fremu. Ni nadra mtu kupiga magoti kuangalia mwanya wa chini ya mlango. Mimi ningependa jambo moja rahisi: kila hospitali, ya umma na ya kibinafsi, ibandike pale mapokezi tarehe ya ukaguzi wake wa mwisho wa moto na tarehe ya zoezi la mwisho la kuhamisha wagonjwa. Karatasi moja tu. Hoteli hubandika leseni, baa hubandika leseni, kwa nini anayelaza watoto njiti asibandike?

Na wewe je?

Labda unadhani hili ni jambo la wahandisi. Hapana, ni letu sana, kwa sababu sisi ndio tunaoingia kwenye kazi hizi.

Kama unasomea usanifu au uhandisi, chora mlango ukiwaza kitanda na moshi, si mstari tu kwenye ramani. Kama wewe ni fundi, usipunguze ubao wa mlango wa moto kwa randa ili uingie kwenye fremu mbovu, wala usitoboe tundu la kitasa kikubwa kuliko kile kilichojaribiwa. Na using'oe kile kibandiko cha juu ya ubao ukipaka rangi, ndicho kitambulisho chake. Kama unafanya manunuzi kwenye kaunti, dai cheti kabla ya kutia sahihi. Kama uko kwenye mafunzo ya uuguzi au udaktari, uliza siku ya kwanza ya zamu: moto ukizuka hapa, vitanda hivi vinasukumwa kuelekea mlango gani? Kama hakuna anayejua, umepata jibu lako.

Na kama wewe ni mgeni tu uliyekuja na matunda na maziwa, toa ile ndoo. Uache mlango ufunge. Ukikuta mnyororo kwenye mlango wa dharura, uliza kwa adabu ufunguo uko wapi, na umuulize mkubwa, si soja. Ukipigwa chenga, andika barua kwa hospitali na nakala kwa idara ya afya ya kaunti. Sisi kizazi tunaoweza kufanya hashitegi moja itrendi hadi jioni hatuwezi kushindwa kuuliza habari ya kufuli.

Gari la zima moto litakuja, tuombe lisikwame kwenye foleni. Lakini kabla halijafika kuna dakika kumi, ishirini, thelathini ambazo hakuna mtu wa nje wa kuwasaidia wale walio vitandani. Dakika hizo zinanunuliwa mapema, zinalipiwa kwa cheti halali, bawaba imara na mlango unaojifunga bila kuombwa. Mgonjwa hawezi kujinunulia akiwa amelala, kwa hivyo tudai zinunuliwe sasa.